Kubeba Neno Usilolijua

Katika miji mingi ya Ulaya na ya Marekani mna vyumba vya mafundi wachanjao chale za wino, zile ziitwazo siku hizi tatuu. Ukutani zimetundikwa karatasi zenye michoro ya nyoka, ya mawaridi, ya misalaba, ya mafuvu ya vichwa. Na kati yake, hasa tangu miaka ya 1990, karatasi ya herufi za Kichina, na chini ya kila herufi imeandikwa maana yake kwa lugha ya Kizungu: nguvu, amani, upendo, ushujaa. Kijana huingia, hutazama, huonyesha kwa kidole. Fundi hajui Kichina, wala kijana hakijui. Sindano hufanya kazi yake, fedha hulipwa, naye kijana hutoka amebeba mkononi neno ambalo hawezi kulisoma. Huenda ndilo neno alilolitaka. Huenda silo. Ataishi miaka mingi pasipo kujua, mpaka siku moja, garini au kando ya bahari wakati wa kuoga, Mchina aliye karibu naye auone mkono ule, asome, kisha ageuze uso asije akacheka mbele ya watu.

Jambo hili laonekana dogo, tena la watu wa mbali wenye fedha ya kuchezea. Walakini ndani yake mna maswali mawili yasiyo madogo. La kwanza: je, mtu huwajibika kwa maneno aliyoyafanya kuwa yake bila kuyafahamu? La pili ni gumu zaidi: yule ayafahamuye, akimwona mwenzake amebeba upuuzi katika ngozi yake, yampasa aseme au anyamaze?

Ufuate kwanza mfano mmoja ulio wazi. Mwezi wa Januari 2019, mwimbaji wa Marekani mwenye jina kubwa, Ariana Grande, alitaka kuandikwa katika kiganja cha mkono jina la wimbo wake mpya uhusuo pete saba. Alichagua Kijapani, lugha iandikwayo kwa sehemu kwa herufi zilizotoka Uchina. Katika mwandiko huo neno “pete” lahitaji herufi mbili, moja ya kidole na moja ya gurudumu, maana pete ni gurudumu la kidole. Lakini ngozi ya kiganja huuma mno, naye mwenyewe alieleza kwamba kwa ajili ya maumivu aliziacha herufi kadhaa. Zikabaki mbili tu: saba, na gurudumu. Kumbe herufi hizo mbili zikikaa pamoja, kila Mjapani husoma shichirin. Na shichirin ni jiko dogo la makaa, la kuchomea nyama na samaki. Baada ya siku chache aliongeza herufi ya kidole, lakini iliwekwa mahali pasipo pake, na maana haikunyooka. Jiko la makaa si kitu cha aibu. Mama wengi wa Kongo wamewalea watoto wao kwa jiko la namna hiyo. Lakini aliyekusudia pete hakukusudia jiko, na watu wa dunia nzima walimcheka kwa juma zima.

Ni vema kuelewa kwa nini jambo hilo hutokea mara nyingi hivyo, maana wengi hudhani kwamba Kichina huandikwa kama Kifaransa au Kiswahili, ila tu kwa alama nyingine. Sivyo. Herufi za Kizungu ni chache, nazo huonyesha sauti. Herufi ya Kichina huonyesha neno au sehemu ya neno, pamoja na maana yake. Kamusi kubwa iliyotolewa mwaka 1716 kwa amri ya mfalme Kangxi ina herufi zaidi ya 47,000. Kwa maisha ya kila siku hazitakiwi zote. Orodha iliyotangazwa na serikali ya Uchina mwaka 1988 yataja 3,500 zitumikazo kwa kawaida. Hata hivyo mtoto wa Kichina hutumia miaka mingi shuleni akizijifunza, akiandika kila moja mara kumi, mara ishirini, mpaka mkono uzoee. Fundi wa chale huiga moja kwa dakika tano.

Na katika kuiga huko, kitu kidogo kabisa huharibu yote. Mchore mtu aliyenyosha mikono na kutanua miguu: ndiyo herufi da, “kubwa”. Tia nukta moja juu upande wa kuume, nayo imekuwa quan, “mbwa”. Ishushe nukta ile kati ya miguu, imekuwa tai, “kupita kiasi”. Ondoa nukta, ukaweke mstari juu ya kichwa, imekuwa tian, “mbingu”. Kati ya mbwa na mbingu, basi, pana mkwaruzo mmoja wa sindano. Tena ziko herufi mbili zenye mistari mitatu ile ile, imepangwa namna ile ile: mstari wa chini ukiwa mrefu kuliko wa juu, ni tu, “udongo”, wa juu ukiwa mrefu, ni shi, “msomi”. Mchina huona tofauti hiyo kama Mswahili asikiavyo tofauti ya “kuua” na “kua”. Asiyejua haoni kitu.

Wengine hudhani kwamba wakitafuta herufi moja moja katika kamusi na kuziunga, watapata sentensi. Lakini maneno mengi ya Kichina cha leo ni ya herufi mbili, na maana ya zile mbili si jumla yake. Dong ni mashariki, xi ni magharibi. Dong na xi pamoja ni “kitu”, kitu chochote kinunuliwacho sokoni. Xiao ni dogo, xin ni moyo. Xiaoxin si mtu mwenye moyo mdogo, bali ni “tahadhari”, onyo liandikwalo penye ngazi zenye utelezi. Mtu atakaye kuandika unyenyekevu wa moyo kwa njia hiyo atatembea na tangazo la utelezi mgongoni.

Kuna kosa jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua kuliko Mwingereza mwenyewe. Katika Kiingereza, neno moja hutumika kwa mtu asiye mtumwa na kwa kitu kisicholipiwa. Kiswahili chatenga: huyu ni huru, kile ni cha bure. Kichina nacho chatenga. Basi wamekuwapo watu waliotaka kutangaza kwamba wao ni huru, wakafungua kamusi, wakachukua neno la kwanza waliloliona, wakachanjwa mianfei. Na hilo ni neno libandikwalo madukani juu ya vitu vitolewavyo bure.

Lakini upotofu mkubwa kuliko wote ni ule wa alfabeti ya uwongo. Kwa miaka mingi imezunguka katika vyumba vya mafundi karatasi iliyopanga A, B, C mpaka Z, na mbele ya kila moja herufi ya Kichina, kana kwamba Wachina nao wana A yao na B yao. Mtu hutaja jina la mkewe au la mtoto wake, fundi hulitunga herufi kwa herufi, na yule hutoka akiamini kwamba amebeba jina lile analolipenda. Mchina akisoma huona msururu wa maneno yasiyohusiana, kama mtu aliyeokota maneno matano katika kamusi akiwa amefumba macho. Jina halimo. Wala si kazi ya mtani mmoja tu. Karatasi ile imenakiliwa na mafundi wengi wasiojua kwamba ni ya uwongo. Na hata palipochaguliwa herufi iliyo sahihi, karatasi ya kunakilia ikigeuzwa, huingia mwilini kinyume kama ionekanavyo katika kioo, au kichwa chini.

Pengine mtu atasema: basi, amwulize mwenye kujua herufi hizo, yatosha. Lakini yupi? Wachina na Wajapani hushiriki herufi nyingi, wala hawashiriki maana zote. Herufi ya mkono na ya karatasi, zikifuatana, kwa Mjapani ni barua; kwa Mchina ni karatasi ya chooni. Herufi ambayo kwa Mjapani ni binti, kwa Mchina ni mama. Asicheke mtu wa Kongo upesi. Mtu wa Lubumbashi akisema amepokea mukanda kutoka kwa kaka yake, jamaa zake wafurahi, wangojea kusomewa habari. Mtu wa Mombasa akisikia hayo atafikiri ni mkanda wa kufungia suruali. Wote wawili wasema Kiswahili, na hakuna aliyekosa.

Je, mna kosa la kimaadili katika hayo yote? Yaweza kusemwa kwamba mwili ni wa mtu mwenyewe, fedha ni yake, na kicheko ni juu yake. Yaweza kusemwa pia kwamba upuuzi huu ni wa mataifa yote: vijana wa Uchina wenyewe huvaa mashati yenye Kiingereza kisichoeleweka, na Waafrika wengi hununua nguo kuukuu zitokazo Ulaya zenye maneno ambayo, kama wangeyajua, wasingeyaingiza kanisani. Hayo ni kweli. Lakini shati huvuliwa jioni. Na hapa si swali la uhalali wa kuchanja chale. Sheria ya kale iliwakataza Waisraeli, katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, alama za mwilini, ikilitaja jambo hilo pamoja na desturi za kuomboleza wafu; lakini Wakristu wa Misri, Wakopti, wamechanja msalaba mdogo mkononi kwa vizazi vingi, na mahujaji wa Yerusalemu vilevile, wala hakuna aliyewaita wapagani. Zamani huko Katanga na kando ya ziwa Tanganika, wanawake wa Kiluba na wa Kitabwa walichanjwa chale, na watu wa kwao walizitambua. Alama ile ilikuwa maneno kati ya watu waelewanao. Swali hapa ni juu ya maneno ambayo mwenye kuyabeba hayaelewi, na wenye kuyaelewa hawakuyaandika.

Wengine wameona jibu jepesi: kosa ni kusema usichokijua. Jibu hilo halitoshi. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza mwaka 1962, Wakristu wa Kongo waliimba Nasadiki kwa Kilatini kila dominika, na wachache sana kati yao wangaliweza kueleza neno kwa neno walichokiimba. Je, walikuwa wapumbavu? Hasha. Mzee asiyejua kusoma, aliyetia dole gumba katika hati ya shamba, alifanya vilevile, na mgonjwa amezaye dawa yenye jina la Kigiriki hufanya hivyo leo. Maisha ya mwanadamu hayawezekani bila kubeba maneno mengi kwa kuamini. Lakini yule mwimbaji wa Kilatini alikuwa na mdhamini. Katekista alikuwa amekwisha kumweleza kwa lugha yake ni kitu gani anachokisadiki, kipengele kwa kipengele, kabla ya kumruhusu kukikiri mbele ya watu. Na aliyemfundisha katekista alikuwa anakijua Kilatini. Neno lile halikueleweka kinywani, lakini lilikuwa na mtu wa kulijibia. Mzee wa dole gumba alimleta mwanawe asome hati. Yule aliye mbele ya karatasi ya ukutani hana mtu. Ukimwuliza ni nani amwambiaye kwamba herufi ile ni “amani”, atasema: fundi. Na fundi atasema: karatasi. Na karatasi haina wa kuijibia.

Walimu wa maadili hutenga ujinga wa namna mbili: ule ambao mtu hakuweza kuuondoa, na ule ambao angaliweza kuuondoa kwa juhudi ndogo. Wa kwanza hauna lawama. Wa pili unayo, na lawama hiyo hukua kwa kadiri ya uzito wa jambo na wepesi wa kuuliza. Zamani, mtu wa mji mdogo wa Ulaya asiyepata kumwona Mchina hata mmoja, labda angesamehewa. Siku hizi, Wachina wakiwa katika kila mji mkubwa wa dunia, na Kolwezi pia, ambako maandishi yao yaonekana juu ya mitambo ya machimbo, ni vigumu kuukubali udhuru huo. Kumwuliza mtu wa duka lililo njia ya pili kwahitaji robo saa. Tena kuna dharau ndani ya kutouliza, nayo yastahili kutajwa: yule aliyeipenda herufi kwa uzuri wake, asijali kama inasema kitu, amewafanya watu zaidi ya bilioni moja, pamoja na maneno yao, kuwa pambo tu. Hakukusudia ubaya. Lakini kama mgeni angalichukua majina ya wazee wa Kiluba, akayapanga kama shanga kwa sababu yamependeza machoni, hakuna Mluba ambaye angalisema ni heshima.

Kwa fundi neno ni fupi. Auzaye “amani” naye hajui kama ni amani, amechukua fedha kwa kitu ambacho hana hakika nacho, na amesema jambo kuwa kweli bila kujua kama ni kweli. Amri ya saba na ya nane zote mbili zamgusa. Wako mafundi waaminifu wakataao kuandika lugha wasiyoijua mpaka mteja alete karatasi iliyoandikwa na mwenyeji wa lugha hiyo. Huyo hupoteza wateja wachache.

Hata hivyo mwenye kutafuta mdhamini kwa bidii aweza kumpata asiyefaa, na jambo hilo limempata mtakatifu. Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima, katika Japani, mwezi wa Agosti 1549, pamoja na Mjapani aliyekuwa amebatizwa huko Goa, jina lake Anjirō. Ksaveri hakujua Kijapani. Anjirō alikuwa mtu mwaminifu, ila hakuwa amesoma sana mafundisho ya dini za nchi yake. Walipotafuta neno la kumwita Mungu, wakatumia “Dainichi”. Wakahubiri jina hilo njiani na sokoni, na watawa wa Kibuda wa madhehebu ya Shingon wakawapokea vizuri kupita walivyotazamia. Mapokezi hayo mazuri ndiyo hatimaye yaliyomtia Ksaveri mashaka. Katika mji wa Yamaguchi, mwaka 1551, alianza kuwauliza watawa wale maswali juu ya Dainichi wao: je, ni Utatu? Je, alijifanya mtu? Walicheka. Dainichi alikuwa Buda mkuu wa madhehebu yao. Mmisionari alikuwa ametembea miaka miwili akiwahimiza watu wamwabudu yule ambaye yeye mwenyewe asingemwabudu.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachostahili kuangaliwa. Hakungoja, wala hakutafuta njia ya kuficha aibu. Alimtuma Bruda Juan Fernández katika njia zile zile atangaze kwamba watu wasimwombe Dainichi. Na tangu hapo wakatumia neno lao wenyewe, Deus, bila kulitafsiri. Neno hilo nalo likapata taabu yake: wapinzani wakalitamka “dai uso”, ambalo kwa Kijapani ni “uwongo mkubwa”. Ksaveri alikufa mwezi wa Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akiitazama Uchina kwa mbali. Mapadri waliomfuata walijifunza kutokana na kosa lake. Matteo Ricci, aliyefika Macau mwaka 1582, alikaa miaka mingi akisoma vitabu vya Wachina kabla ya kutoa, mwaka 1603, kitabu chake kikubwa juu ya Bwana wa Mbingu, Tianzhu. Na jina hilo Wakatoliki wa Uchina walitumia hata leo. Hata hapo ugomvi haukuisha. Mabishano juu ya majina ya Mungu kwa Kichina yalifika Roma, na Baba Mtakatifu Klementi wa 11 alitoa hukumu yake mwaka 1715, miaka zaidi ya 100 baada ya Ricci kufa. Watu wenye elimu kubwa walishindana karne nzima juu ya herufi mbili. Kijana wa ukutani alichagua yake kwa muda wa kuvuta sigara.

Wachina wenyewe, basi, walionaje maneno juu ya ngozi? Kwa karne nyingi ilikuwa adhabu. Mhalifu alitiwa wino usoni ili popote aendako asomwe. Mfalme Wen wa ukoo wa Han aliifuta adhabu hiyo mwaka 167 kabla ya Kristu, lakini ilirudi, ikaendelea kwa namna mbalimbali mpaka mwanzo wa karne ya 20. Ndiyo maana wazee wengi wa Kichina hawapendi chale hata leo, na hustaajabu kumwona Mzungu akilipa ili atendewe lile walilotendewa wezi. Lakini wanamkumbuka pia jemadari Yue Fei, aliyezaliwa mwaka 1103. Aliposhitakiwa kwa uwongo kwamba amemsaliti mfalme, alivua nguo akawageuzia mahakimu mgongo, na mgongoni mlikuwa na herufi nne za kuahidi utumishi mwaminifu kwa nchi. Watu husimulia kwamba mama yake ndiye aliyezichanja, ingawa hadithi hiyo ya mama ilikuja baadaye. Yue Fei aliuawa hata hivyo, mwaka 1142. Herufi zake ziliandikwa sawasawa, na maisha yake yalizithibitisha.

Usahihi wa mwandiko peke yake hautoshi. Katika vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950 na kusimama mwaka 1953, maelfu ya askari wa Kichina walifungwa katika kisiwa cha Koje. Humo kambini wengi walichanjwa maneno ya kuulaani ukomunisti. Wengine walitaka wenyewe. Wengine walishikwa na wafungwa wenzao, wakachanjwa kwa nguvu, ili wasithubutu tena kurudi kwao. Hakuna herufi iliyokosewa hapo. Kila mmoja wao aliweza kusoma yaliyoandikwa mwilini mwake, na hayo ndiyo yaliyokuwa mateso yake. Mnamo Januari 1954 zaidi ya 14,000 walipelekwa Taiwan. Mwaka 1987, serikali ya Taiwan iliporuhusu wazee kwenda kuwatazama ndugu zao katika Uchina Bara, wengi wao walikwenda kwanza kwa waganga wafutwe maneno yale, wabaki na kovu, wapate kumkumbatia dada au kaka bila kusomwa.

Limebaki swali la yule ajuaye kusoma. Mwanamke wa Kichina yu katika basi. Mbele yake shingo ya kijana asiyemjua, na juu ya shingo “bure”. Amwambie? Wengi hunyamaza, nao wana sababu yao: kijana hakuuliza, chale haifutiki kwa maji, na kumwambia ni kumpa huzuni isiyo na dawa. Wengine hupiga picha, huionyesha dunia, hucheka pamoja. Hawa wa pili hawakusema uwongo. Yote waliyoyatangaza ni kweli. Lakini Injili ya Matayo, sura ya 18, yaagiza kwamba ndugu aliyekosa aendewe kwanza peke yake, na agizo hilo lilitolewa kwa ajili ya dhambi. Si zaidi kwa kosa la herufi? Yule mwimbaji wa mwaka 2019 aliambiwa na wengi kwa wakati mmoja, wengine kwa upole, wengine kwa matusi, na neno la wapole halikusikika tena. Alikuwa akijifunza Kijapani kwa kukipenda. Baada ya mkasa ule alisema ameacha.

Yaonekana tofauti imo katika kuuliza. Kijana akigeuka na kumwuliza Mchina, “Shingoni pangu pameandikwa nini?”, hapo kunyamaza kumekwisha kuwa uwongo, na kusema “Ni neno zuri” ni uwongo kamili, hata ukisemwa kwa tabasamu. Yampasa ajibu, na ajibu kwa sauti ya kumfikia yeye tu. Na kama hakuuliza, lakini yu karibu kurudia, amesema atakwenda kumchanja na mkewe neno hilo hilo, au ataka kwenda Shanghai kutafuta kazi akiwa na shingo wazi, basi upendo wamdai mtu aseme kabla ya kuulizwa. Nje ya hayo, huenda uvumilivu ni bora kuliko usahihi.

Kijana akiisha kujua, njia zake ni chache. Wino umekaa katika tabaka la chini la ngozi, umemezwa na chembe hai za mwili, na chembe moja ikifa nyingine huumeza tena. Waganga huuvunjavunja kwa mwali wa leza, mara nyingi, kwa kungoja majuma kadhaa kati ya mara na mara, na gharama yake hupita sana ile ya kuchanja. Fundi mwingine aweza kuufunika kwa jani au ndege mweusi. Wako pia waliochagua kuuacha ulivyo. Akiulizwa na mgeni maana yake, huyo hujibu kwamba alitaka “huru”, na kwamba imeandikwa “bure”. Kisha hukaa pamoja na mgeni yule, wakacheka wote wawili.